Bati Moja, Majibu Matatu: Kutafuta Joto Linalotoroka Nyumbani

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, Elburgon. Nimesimama katikati ya sebule ya mama, koti juu ya sweta, mkononi nina bunduki ya kupima joto, ile inayotoa doa jekundu. Nikalenga ukuta wa mawe: nyuzi 12. Nikalenga juu, kwenye bati ambalo halina silingi chini yake: nyuzi 12. Nikatoka nje, nikaegemeza ngazi, nikalenga bati lile lile kwa upande wa juu: nyuzi 3 chini ya sifuri.

Bati la geji 30 halifiki unene wa nusu milimita, na chuma hupitisha joto upesi sana. Haiwezekani bati moja liwe na nyuzi 12 tumboni na sakitu mgongoni. Ama bunduki ilikuwa imeharibika, ama mimi ndiye sikujua kuisoma. Mama, aliyekuwa ameamka kuwasha moto, alinisimamia mlangoni akiwa amejifunga shuka. "Sasa ni nyumba ndiyo imepata korona?"

Bunduki ilikuwa nzima. Siku hizi vifaa hivi vinauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, vingi chini ya shilingi elfu tano, na watu wanavinunua wakidhani kazi yake ni kulenga na kusoma. Kwa ukuta uliopigwa plasta, ni kweli. Kwa nyumba zetu za mabati, kifaa hiki hukosea zaidi pale pale joto linapotorokea kwa wingi. Asiyejua hilo atatumia pesa kuziba ukuta huku paa likimwibia.

Msomaji wa Mombasa huenda anashangaa ni joto gani la kutafutwa Kenya. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Elburgon iko juu zaidi, kwenye mita 2,400 hivi, na ukiendelea na barabara ya Eldoret hadi Timboroa umepita 2,700. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi sita na nusu kila ukipanda kilomita moja. Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi, ni dunia nyingine kabisa, nitaifikia baadaye. Lakini fundi wa Kisumu na fundi wa Elburgon hujenga nyumba ile ile: mawe au mbao, dirisha la kioo kimoja, bati juu. Huku kwetu milimani hakuna mtambo wa kupasha nyumba joto. Joto lililomo ni la jiko au stovu ya kuni, la miili yetu, na la jua la jana lililobaki ukutani na sakafuni. Ndiyo maana kila kinachotoroka kinasikika mwilini.

Bunduki yenyewe haipimi hewa, wala haipimi joto linalopotea. Inapokea miale. Kila kitu kilichoko duniani, hata barafu, hutoa miale isiyoonekana kwa macho, na kadiri kitu kinavyopata joto ndivyo miale hiyo inavyoongezeka. Aliyeigundua ni William Herschel, mwaka 1800 huko Uingereza. Alipasua mwanga wa jua kwa kipande cha kioo cha pembe tatu, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi, kisha akaweka kimoja nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote. Hapo ndipo kipimajoto kilipanda zaidi. Miale hiyo ndiyo tunayoiita infraredi. Vitu vyenye joto la kawaida la nyumbani huitoa kwa wingi kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 10 hivi, zaidi ya mara kumi ya ule wa mwanga mwekundu. Bunduki ina lenzi inayokusanya miale hiyo na kuielekeza kwenye kitambuzi kidogo, kisha inakokotoa: miale kiasi hiki, basi kitu kile kina nyuzi kadhaa.

Yale maneno ya mwaka 2020, kwamba bunduki ya mlangoni inapiga miale hadi kwenye ubongo, yalikuwa kinyume cha mambo. Wewe ndiye unayeipiga miale, yenyewe inapokea tu. Doa jekundu ni la kuonyesha unakolenga, halipimi chochote. Kuna mifano isiyo na doa kabisa na inapima vizuri tu.

Na tukiwa hapo hapo kwenye korona: ile bunduki nyeupe iliyobaki kwenye kabati la kanisa haifai kwa kazi ya nyumba. Imetengenezwa kwa paji la uso, kwa hivyo masafa yake huanzia nyuzi 32 hivi na kuishia 43, na ndani yake ina hesabu ya kugeuza joto la ngozi liwe joto la mwili. Ukiielekeza ukutani itakuandikia kwamba kipimo kiko chini mno, au ikupe namba ya uongo. Baadhi zina kitufe cha kubadilisha zipime vitu badala ya watu. Kama yako haina, tafuta ya mafundi, ile inayosoma kuanzia chini ya sifuri hadi nyuzi mia kadhaa.

Turudi kwenye bati. Vitu havitoi miale kwa kipaji kimoja. Ngozi ya binadamu, maji, mbao, plasta, matofali, karatasi, rangi ya kawaida ya ukutani: hivi vyote hutoa takriban asilimia 90 hadi 98 ya miale ambayo kitu cha joto hilo kingeweza kutoa kwa ukomo. Wataalamu huandika 0.90 hadi 0.98. Bunduki nyingi za bei nafuu zimefungwa kwenye 0.95 na haziulizi. Kwa hivyo kwa karibu kila kitu ndani ya nyumba zinasema kweli.

Chuma kinachong'aa kina tabia nyingine. Bati jipya la zinki hutoa robo tu ya miale, au chini ya hapo. Alumini iliyosuguliwa haifiki hata sehemu moja ya kumi. Na kitu kisichotoa miale yake vizuri huakisi miale ya wengine. Kwa macho ya infraredi, bati jipya ni kioo cha kujitazamia. Niliposimama sebuleni na kulenga juu, robo ya miale niliyopokea ilikuwa ya bati. Robo tatu ilikuwa ya sakafu, makochi, na mimi mwenyewe na koti langu, vitu vilivyokuwa kwenye nyuzi 13 hivi. Nilikuwa napima sebule kwa kupitia kioo. Niliposimama kwenye ngazi nje, kioo kile kile kilinionyesha anga.

Na anga la usiku usio na wingu ni baridi kupita tunavyodhani. Chukua bunduki ya mafundi usiku mkavu, ilenge juu kabisa, utaona namba inateremka chini ya sifuri hata kama hewa unayoivuta ina nyuzi 10. Hakuna paa huko juu la kurudisha miale yetu. Mawingu yakitanda, namba inapanda, kwa kuwa wingu ni blanketi. Ndiyo sababu wakulima wa milimani huogopa usiku wa nyota nyingi kuliko usiku wa mawingu: mmea unatoa miale kuelekea angani usiku kucha na haurudishiwi kitu, hadi majani yanapata baridi kuliko hewa yenyewe na sakitu inashika.

Basi bati lenyewe lilikuwa na nyuzi ngapi? Dawa yake haizidi shilingi hamsini: tepu nyeusi ya fundi wa stima. Nilipanda juu ya meza nikabandika kipande cha upana wa kiganja kwenye bati kwa ndani, nikasubiri dakika kumi tepu ipoe ilingane na bati, nikaikaribia na kulenga tepu tu. Nyuzi 8. Kipande kingine nje, baada ya kupangusa vumbi: nyuzi 8. Hapo bati likasema neno moja pande zote mbili. Tepu ile hutoa miale kwa 0.95 hivi, sawasawa na bunduki inavyotarajia, na kwa kuwa ni nyembamba hufuata joto la kitu ilichobandikwa. Rangi yake si hoja, nyeupe ingefanya kazi ile ile, maana kwenye miale hii weusi na weupe havina maana. Masizi pia yanafaa. Jikoni kwa mama, ambako bati limepakwa moshi wa miaka ishirini, bunduki inasoma kweli bila tepu yoyote.

Baadaye niligundua kwamba ukweli huo ulikuwa ukining'inia juu yangu muda wote. Alfajiri mabati yetu hutoa jasho: mvuke wa pumzi na wa sufuria hugusa bati baridi, unageuka matone, na kama umelala chini yake tone linakuamsha. Maji hutoa miale vizuri kama ngozi. Nilipolenga sehemu iliyolowa vizuri, bunduki ilishuka ghafla kutoka 12 hadi karibu na 8. Sehemu kavu ilidanganya, sehemu yenye jasho ikakiri.

Sasa hesabu, na hapa ndipo kifaa cha elfu tatu kinapogeuka mhasibu. Joto la hewa ndani ya sebule lilikuwa nyuzi 14, nalo nililipima kwa kipimajoto cha kawaida cha ukutani, maana bunduki haioni hewa. Nje nyuzi 6. Ukuta nyuzi 12, bati nyuzi 8 kwa kipimo cha kweli. Joto linapoingia kwenye ukuta kutoka chumbani, kila nyuzi moja ya tofauti kati ya hewa na uso wa ukuta hupitisha wati 8 hivi kwa kila mita mraba. Ni kadirio, ila ni kadirio linalotumika. Ukuta ulikuwa nyuzi 2 chini ya hewa: wati 16 kwa mita mraba. Kuta mbili za nje za sebule, ukitoa madirisha, ni mita mraba 21. Jumla wati 336.

Kwa bati linalong'aa natumia 6 badala ya 8, kwa sababu kitu kisichotoa miale vizuri hakipokei vizuri pia, basi kinanyonya joto la chumba hasa kupitia hewa inayokigusa. Bati lilikuwa nyuzi 6 chini ya hewa ya chumba: 6 mara 6, wati 36 kwa mita mraba. Juu ya sebule kuna mita mraba 22 za bati. Jumla karibu wati 800. Hebu fikiria pasi ya umeme imewashwa na kufungwa nje ya nyumba usiku mzima ikipasha nyota joto. Paa peke yake lilikuwa linapoteza zaidi ya mara mbili ya kuta zote za nje za chumba hicho, na bunduki bila tepu ilikuwa imeniambia ukuta na paa ni ndugu sawa.

Nikiri kwamba kabla ya asubuhi hiyo nilikuwa nimeshaongea na fundi kuhusu kupiga plasta ya pili ukutani. Alikuwa amenitajia bei. Sitaitaja.

Kuna mambo mengine ya kujua kabla ya kuzunguka na bunduki. La kwanza ni ukubwa wa eneo inalosoma. Nyingi zimeandikwa ubavuni 12 kwa 1. Maana yake ukiwa mita 1.2 kutoka ukutani, unasoma duara la sentimita 10, na ukiwa mita 3.6, duara la sentimita 30. Doa jekundu ni dogo kama punje ya mtama, kwa hivyo linakufanya uamini unapima punje. Ukisimama upande wa pili wa chumba ukalenga ufa wa dirisha, unasoma ufa, fremu, kioo na kipande cha pazia, vyote vimechanganywa kama githeri. Sogea karibu.

Saa ya kupima ni jambo kubwa zaidi, na wengi hukosea hapo. Jioni, ukuta wa magharibi unaposoma nyuzi 22 na wa mashariki 18, usiseme wa mashariki unavuja. Jiwe la unene wa sentimita kumi na tano au ishirini hulipokea jua la alasiri nje na kulifikisha ndani saa kadhaa baadaye. Unasoma jua la mchana, si kasoro ya ujenzi. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, hesabu za jana zimekwisha na tofauti ya ndani na nje iko kwenye kilele chake. Bila tofauti ya nyuzi nane hivi hakuna unachoweza kusoma kwa uhakika. Moto uwe umezimika, maana stovu inayowaka huangaza kuta kama taa, na ukuta unaoitazama utaonekana mzima kuliko ulivyo. Usiku wa mvua upite, ukuta uliolowa hupoa kwa kukauka. Lakini zaidi ya yote, amini tofauti kuliko namba. Bunduki ya bei nafuu inaweza kukosea kwa nyuzi mbili, ila itakosea kwa nyuzi hizo hizo ukuta mzima. Pita polepole kutoka kona hadi kona ukitazama ni wapi namba inaruka.

Kwenye ukuta wa mama iliruka mahali pa aina tatu. Juu, karibu na paa, ambapo ringi ya zege inazunguka nyumba, uso ulikuwa nyuzi moja na nusu chini ya mawe. Zege lina msongamano mkubwa kuliko mawe ya kuchonga ya huku, ambayo ni majivu ya volkano yaliyogandamana na yana matundu matundu ya hewa, basi linapitisha joto upesi zaidi. Hilo huwezi kulibadilisha bila kubomoa, na hasara yake ni ndogo, tulipita. Kwenye kona, nyuzi mbili chini. Kona huwa baridi hata ikiwa imejengwa na malaika, kwa kuwa ina uso mwingi wa nje na hewa ya chumba haizunguki vizuri humo. Usiite fundi kwa ajili ya kona, ila usiweke kabati la nguo hapo, nguo zitanuka ukungu. Mahali pa tatu palikuwa chini ya dirisha la jikoni: doa la upana wa sahani, nyuzi 9. Niliguza, lilikuwa limelowa. Maji yanapokauka huondoka na joto, kwa hivyo unyevu na upepo huonekana sawa kabisa kwenye bunduki. Kiganja ndicho kinachotofautisha. Lile la jikoni lilikuwa bomba la sinki linalovuja ndani ya plasta, na mama alifurahia ugunduzi huo kuliko mwingine wote.

Upepo ni hadithi ndefu, hasa kwa majirani wa mama. Elburgon na Molo ni nchi ya mbao, na nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa ofkati, zile mbao za pembeni za gogo zenye maganda. Mbao zenyewe ni kizuizi kizuri cha joto kuliko jiwe. Shida ni nyufa kati yake. Watu wa huko wanajua siku nyingi: ndani wanabandika magazeti na katoni kwa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka. Mtu anayecheka kuta zilizobandikwa magazeti hajawahi kulala Molo mwezi wa saba. Bunduki haiuoni upepo wenyewe, lakini inaona alama yake. Hewa baridi ikipenya kwenye ufa huparuza ubao wa pembeni na kuuachia ubaridi wenye umbo la mkia, baridi sana kwenye ufa na kupungua unavyosogea. Ukiona mkia, washa dawa ya mbu ya kuchoma, ishike hapo, utazame moshi unakokimbilia. Gharama yake ni shilingi chache na haijawahi kunidanganya.

Matundu ya hewa juu ya madirisha yatasoma baridi kuliko vyote. Utatamani kuyaziba kwa gunia. Kama kuna jiko la makaa linaloingizwa ndani, usiyazibe. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Kila msimu wa baridi kuna familia zinazolala na jiko ndani, mlango na matundu vimefungwa, na haziamki. Stovu yenye bomba la moshi kwenda nje ni jambo jingine, ingawa nayo inahitaji hewa ya kuingia. Hapa hesabu ya wati haina kauli.

Vioo kwa ufupi. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga lakini hakipitishi miale ya infraredi ya mawimbi haya, basi ukilenga dirishani unasoma kioo chenyewe, si mti ulioko nje. Kitakuwa baridi, kila kioo kimoja ni baridi. Pazia zito linalofika chini husaidia. Ndiyo hayo.

Kuna wanaoulizia kamera ya joto, ile inayoonyesha ukuta kwa rangi, samawati hadi nyekundu. Ni kifaa kizuri, kwani inasoma maelfu ya madoa kwa mpigo mmoja na mkia wa upepo unauona mara moja. Bei yake ni mara nyingi ya bunduki, ndiyo maana afadhali kuikodi au kumwita mwenye nayo. Ila inafuata sheria zile zile. Bati jipya kwake pia ni kioo, utajiona mwenyewe juu ya paa kama zimwi jekundu. Na rangi zake hujipanga zenyewe: chumba chenye tofauti ya nyuzi mbili tu kitapakwa samawati kali na nyekundu kali kama chenye tofauti ya ishirini. Mwenye kamera akikuonyesha picha ya kutisha, muulize kwanza namba zilizoandikwa pembeni.

Sasa Kisumu. Shemeji yangu anaishi Manyatta, na nilipomsimulia haya alicheka: yeye hatafuti joto linalotoka, anamtafuta aliyeliingiza. Bunduki ni ile ile, saa inabadilika: saa saba au nane mchana. Tulipima bati lake la zamani, lililoshika kutu yote, na hapo tepu haikuhitajika sana maana kutu hutoa miale vizuri. Lilipita nyuzi 60. Mita mraba moja ya bati lenye kutu kwa joto hilo huwamwagia watu walio chini yake wati zaidi ya 150, mbali na hewa iliyopata moto. Ndiyo maana ndani ya nyumba kama hiyo feni haitoshi. Inasukuma hewa, lakini kichwa chako kinapigwa na miale kutoka juu kama mtu aliyeketi mbele ya tanuri.

Hapa ule mng'ao ulionidanganya Elburgon unageuka rafiki. Bati jipya la ukubwa ule ule, lenye joto lile lile, lingemwaga chini robo ya miale au pungufu. Karatasi ya alumini ikitandazwa chini ya kenchi, uso wake unaong'aa ukitazama chini na pengo la hewa likiachwa, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na hubaki hivyo miaka mingi, kwa kuwa vumbi halitui upande wa chini. Ikigusana na silingi pande zote, bila pengo, haina faida, kwani joto litapita kwa kugusana. Na paa likipakwa rangi nyeupe kwa nje, hurudisha mwanga mwingi wa jua kabla haujawa joto, na bado hutoa miale yake angani kwa 0.9. Nyasi nazo, tulizoziacha kwa haraka, hazikuwa ujinga wa wazee: ezeko la unene wa sentimita ishirini limejaa hewa iliyotulia, na ukilipima kwa ndani mchana wa jua kali utakuta linakaribiana na joto la kivuli. Naelewa kwa nini watu waliziacha, moto na mchwa si mzaha. Ila bati lilipochukua nafasi yake lilipaswa kuja na silingi, na mara nyingi silingi ilingojea bonasi ambayo haikuja.

Kwa mama haikungojea. Tuliweka silingi ya mbao za saipresi, zile za kushikana ulimi kwa mfereji, sebuleni na kwenye chumba chake cha kulala. Fundi alipendekeza tujaze maranda juu yake. Ni kizuizi kizuri, na yanapatikana bure kiwandani, lakini bomba la stovu linapita hapo na sikutaka kulala nikiwaza moto. Mwezi wa nane nilirudi, alfajiri, nje nyuzi 6 kama mara ile. Hewa ya sebule 16, silingi 14. Mbao hazihitaji tepu. Nyuzi 2 mara 8 mara mita mraba 20: wati 320, kutoka karibu 800. Kifuniko cha kupandia darini kilisoma 9, fundi alikuwa amekikata kikabaki na mwanya wa kidole pande mbili. Nilitaka kukiwekea ukanda wa blanketi kuukuu siku hiyo hiyo.

Sikupata bunduki ya kuhakikishia. Mama alikuwa amenunua vifaranga hamsini, amewatandikia yale maranda ya fundi kwenye chumba cha nyuma, na jirani alikuwa amemwambia wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35. Nilimkuta amechuchumaa, amelenga maranda chini ya taa, karibu kabisa, kama sentimita kumi.

"Thelathini na tatu," alisema bila kugeuka. "Ukimaliza na silingi yako urudi Nakuru, lakini hii inabaki hapa."